Mikwaruzo ya Mdogo

Chumba changu cha kazi kiko chini ya jengo la makumbusho, na dirisha lake liko karibu na dari, usawa wa barabara. Kwa hiyo watu wa mji huu nawajua kwa miguu. Mkurugenzi ni viatu vyeusi vinavyong'aa hata siku ya mvua. Mlinzi ni kandambili zinazoburuzwa. Daktari ni buti zenye udongo mwekundu ambao sijawahi kuuona ukiisha. Dirisha lina nondo. Ukiniuliza nondo zile zinamzuia nani, mwizi asiingie au mimi nisitoke, sina jibu, na siku nyingine hata swali lenyewe linaniudhi.

Mimi ni msafishaji wa visukuku. Mtu akisikia hivyo hudhani nashika ndoo na tambara. Mifupa iliyogeuka mawe huletwa kwangu imefungwa plasta kama mguu uliovunjika, imezama ndani ya bonge la mwamba. Nami nakaa na kioo cha kukuza na sindano ya chuma, nachokonoa mwamba punje kwa punje mpaka mfupa ubaki peke yake. Mwamba wote ulioushika mfupa sisi tunauita uchafu. Wenzangu waliniita Sindano tangu mwaka wangu wa kwanza, na jina likanikaa hadi leo, maana hata Mkurugenzi hulitumia mbele ya wageni.

Jioni narudi nyumbani kwa Mama. Jua likizama tu, Mama anafunga mlango, anazungusha ufunguo, anautia kwenye mfuko wa gauni, na gauni hilo analala nalo. Alianza mwaka wezi walipovunja nyumba ya jirani, mara tu baada ya msiba wa Baba. Wezi wale walikamatwa zamani, nadhani hata wajukuu wanao sasa, lakini mlango wetu bado unafungwa. Mimi ni mwanamke mzima, mvi zimeshaanza kuchungulia, na nikitaka kutoka kupunga upepo kibarazani saa moja jioni lazima niombe ufunguo. Nikiomba, Mama hutoa. Hajawahi kunikatalia. Ananitazama tu kama mtu anayetazama mgonjwa akivuta pumzi ya mwisho, nami nasema, "Basi, Mama, acha tu."

Ninaye Kaka, anaishi mbali na mke na watoto, na kila akipiga simu ananimwagia baraka. "Wewe ndiye uliyebaki na Mama, mdogo wangu, Mungu anakuona." Mungu ananiona, sawa, lakini ningefurahi na Kaka naye akija kuniona. Tunaye pia Mama Mdogo, mdogo wake Mama, mjane, mcheshi, aliyeomba mara nyingi ahamie kwetu kwa sababu nyumba yake inampwaya. Mama hataki. Anasema yule akianza kuongea, hata redio inanyamaza.

Nayaeleza haya mapema ili kieleweke vizuri kilichokuwa mbele yangu. Daktari alinitaka niondoke naye.

Alikuja mwanzoni mwa juma, akakaa juu ya kreti langu la plasta na buti zake, udongo ukimwagika sakafuni pale nilipotoka kupafagia. Daktari ni mwanamke wa rika langu, amesomea mifupa ya kale mpaka nywele zimemkatika, na anazungumza na kila mtu kwa sauti ileile, awe waziri au mpika chai. "Dada Sindano," akasema, "tunajenga karakana kule kule bondeni. Tumechoka kubeba mawe siku mbili barabarani yafike yamevunjika. Nataka uje uiongoze. Ni miaka mitatu. Gari linaondoka Jumatatu, na nikikukosa wewe itabidi nimchukue mtu mwingine."

Bonde lile ndiko mawe yangu yote yanakotoka. Nimelishika kwa mikono maisha yangu yote ya kazi, najua rangi ya kila tabaka lake, na sijawahi kulitia machoni. Nikamwambia nitafikiri. Alipotoka nilikaa nimeshika sindano hewani muda mrefu, moyo unadunda kama wa msichana aliyeposwa.

Usiku ule, tukila, nilimwambia Mama. Sikuzunguka. Nilisema nimepewa kazi bondeni, na Mama Mdogo anaweza kuja kukaa naye. Mama akaendelea kutafuna, akameza, akapangusa mdomo.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi ni nani hata nikuzuie?"

Kisha akasukuma sahani pembeni na kuanza kukanda magoti. Magoti yale humpeleka sokoni na kumrudisha na mzigo bila shida, lakini jioni hiyo yaliuma mpaka nikayachemshia maji ya kukanda. Asubuhi Kaka akapiga simu kabla sijavaa viatu. Alikuwa ameshaambiwa yote. "Mdogo wangu, sikukatazi," akasema, "lakini fikiria." Hakuna aliyenikataza. Hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo. Ningekatazwa ningegombana nao, nikanuna, nikabeba begi. Nimeambiwa nenda, na miguu imekufa ganzi.

Basi nikarudi kwa wafu wangu, ambao angalau hawanipi ruhusa.

Juma lile nilikuwa namalizia bonge ambalo Mkurugenzi alilipania kuliko yote. Lilikuwa ni shimo la mnyama, zima, kama lilivyochimbwa ardhini kabla hata mijusi mikubwa ya kutisha haijazaliwa. Mafuriko yalileta tope jekundu, likalijaza, likakauka, likageuka jiwe. Ndani yake walikuwa wawili. Mmoja wa ukubwa wa mbwa mdogo, tulimwita Mkubwa. Wa pili angetosha kwenye kofia, huyo tulimwita Mdogo. Mkubwa alilala mlangoni mwa shimo, ameliziba lote, uso nje, mgongo ndani. Mdogo alikuwa mwisho kabisa, kichwa kimeinuliwa ukutani.

Siku za nyuma Daktari aliwahi kunieleza ni kina nani. Hawakuwa mijusi na hawakuwa bado wanyama wa kunyonyesha, walikuwa katikati, wako njiani. Akanionyesha vijifupa viwili nyuma ya taya la Mkubwa, vidogo kama mbegu za pilipili. "Hivi kwake vilikuwa vya kutafunia," akasema. "Vizazi na vizazi vikapita, vikazidi kuwa vidogo, vikasogea nyuma, na leo viko ndani ya sikio lako. Unanisikia kwa taya la hawa." Tangu siku ile nikila naogopa kutafuna kwa nguvu.

Mkurugenzi yeye hakuwa na haja na masikio. Alitaka ufunguzi Jumamosi, familia za wafanyakazi zialikwe, na kibao kilikuwa kimeshachongwa: MAMA NA MWANA. "Uchafu wote uondoke, Sindano," akasema akiwa mlangoni, maana haingii, anaogopa vumbi la viatu. "Watu waone mifupa. Mfupa mweupe, nyuma peusi, basi."

Siku mbili kabla ya ufunguzi, springi ya taa yangu ilikatika. Taa ikainama ikamulika bonge kutoka ubavuni badala ya juu. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Kwenye ukuta wa shimo, nyuma ya kichwa cha Mdogo, mahali nilipokuwa nimetoa tope jekundu na kuacha mwamba wa kijivu, palikuwa na mikwaruzo. Mistari mitatu mitatu, imekwenda sambamba, mingi, mmoja juu ya mwingine.

Katika kazi yetu hakuna fedheha kubwa kama kuacha alama ya chombo. Ni sawa na kinyozi kumkata mteja sikio. Nilijua mara moja nimeteleza, akili yangu ikiwa bondeni na kwa Mama kwa zamu, na sindano ya mashine, ile inayosukumwa na upepo, ikachora ilivyotaka. Nilisikia joto limenipanda masikioni, kwenye hayo mataya ya kale. Nikachukua msasa laini nikaanza kufuta. Nilifuta kwa hasira. Nikawa najisemea, unaona, bado hujaondoka na tayari umeanza kuharibu kazi, kwa sababu ya kutamani visivyokuhusu. Nilikuwa nimelainisha karibu nusu ya ukuta buti zilipopita dirishani, na punde Daktari akaingia.

"Unafanya nini?"

"Nafuta makosa yangu," nikasema bila kugeuka.

Akanishika kifundo cha mkono. Hajawahi kunishika kabla ya hapo. Akainama mpaka pua ikakaribia jiwe, akaisogeza ile taa iliyovunjika kulia, kushoto.

"Dada," akasema, "uliwahi kuona sindano ikichora mistari mitatu kwa mpigo?"

Nikatazama. Sikuwahi.

"Na tazama ndani ya mfereji huu. Kuna tope jekundu chini kabisa, kavu, limegandamana. Hii mistari ilikuwepo kabla tope halijaingia." Akachukua kipimo, akapima nafasi kati ya mstari na mstari, kisha akapima makucha ya mkono wa Mdogo. Vilikuwa sawa. Akapima ya Mkubwa, yakazidi kwa mbali. "Ni yeye. Ni huyu mdogo. Alikuwa anachimba kwenda juu."

Msasa ulinidondoka. Mikwaruzo ile ilikaa salama chini ya ardhi tangu dunia haijajua ua wala ndege, ikanusurika na milima kuinuka na kubomoka, ikaja kukutana na mimi na kipande cha msasa. Nililia. Sioni haya kusema. Daktari hakuniambia nyamaza, alivuta kreti akakaa karibu.

"Nusu imebaki," akasema. "Nusu inatosha kusema. Na mimi ningeona mistari kwenye kazi yangu, ningedhani nimekosea vilevile."

"Alibakiza kiasi gani kutoka?"

"Sijui. Sehemu ya juu ya shimo ilishaliwa na mvua kabla hatujalipata."

"Na Mkubwa pale mlangoni? Alikuwa anazuia maji yasiingie?"

"Huenda. Au alikuwa anamzuia mdogo asitoke. Au alikuwa anaingia zake tu, tope likamkuta." Akafuta kipimo kwa suruali. "Mfupa unaniambia alilala wapi. Hauniambii alikuwa anawaza nini."

Tulimwendea Mkurugenzi. Tukamweleza mwamba uliobaki usiguswe, na kibao kibadilishwe. La mwamba alikubali, kwa sababu muda wa kuuondoa haukuwepo. La kibao akakataa katakata. Alisema watu hawavai nguo za Jumamosi kuja kutazama mikwaruzo.

Nilirudi nyumbani, ufunguo ukazunguka, nikakaa kwenye kiti changu. Mama alinisimulia habari za sokoni. Niliitikia mahali pa kuitikia. Ukuta ulio mbele yangu una rangi ya maziwa, tuliupaka mimi na Baba, na jioni ile niliutazama kila inchi kana kwamba nasafisha kisukuku, nikitafuta mahali ambapo kucha zangu ziliwahi kupita. Hapakuwa na alama hata moja. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi Mama alikuja na gauni lake la buluu na magoti mazima kabisa. Ukumbi ulikuwa umejaa wake, waume na watoto wa wafanyakazi, bonge limewekwa katikati ndani ya kioo, taa zinamulika. Mkurugenzi alihutubia juu ya upendo wa mama tangu enzi na enzi, watu wakapangusa macho. Mama naye akapangusa. Hotuba ilipoisha, watu wakavamia vinywaji, Mama akabaki kwenye kioo. Nikamleta Daktari, nikawajulisha.

"Daktari wa nini?" Mama akauliza.

"Wa mifupa, mama."

"Afadhali. Magoti yangu haya..."

"Mifupa ya waliokufa, Mama," nikasema.

"Aa," Mama akasema, akaonekana kumsikitikia. Kisha akaonyesha kwa kidole. "Huyu mkubwa ndiye mama yake?"

"Hatuna hakika," Daktari akajibu. "Inawezekana."

"Mimi ninayo. Tazama alivyokaa."

Daktari hakubishana. Akamweleza polepole, kama anavyomweleza kila mtu. Kwamba wakati ule dunia ilikuwa imeharibika, joto, ukame, mvua ikija inakuja kwa kuua, na karibu kila chenye uhai kilikwisha. Kwamba wanyama wa aina hii waliojua kuchimba mashimo walipona zaidi kuliko waliokaa juu, na kwamba sisi sote tuliomo ukumbini tumetokana na jamaa zao.

Mama akanigeukia, uso umemchangamka. "Unasikia hayo? Waliokaa ndani ndio waliobaki."

Nilisikia. Nilisikia hata mlio wa mlango ukifungwa miaka mitatu mingine, na mitatu mingine juu yake. Ukweli ulikuwa upande wake, na alikuwa ameupata kwa mtu niliyemleta mwenyewe.

"Walikaa ndani hatari ikiwa nje," Daktari akasema. "Ikipita walitoka, wakala, wakazaa. Ndio bibi zetu hao. Mifupa yao hatuna humu, walikwenda zao. Tulionao ni hawa ambao hawakutoka."

Mama akatazama kioo tena. Akakiegemea kiasi kwamba nikadhani magoti yanamuuma kweli sasa. Kidole chake kikatembea juu ya kioo mpaka nyuma ya kichwa cha Mdogo.

"Na hii mistari?"

Daktari alinitazama mimi, akajiondokea kwenda kutafuta maji ya kunywa ambayo hakuyataka.

"Ni makucha ya mdogo, Mama," nikasema. "Alikuwa anatafuta njia ya kutokea."

"Mbona huku ipo, huku haipo?"

"Ilikuwepo. Hiyo nyingine niliifuta mimi. Nilidhani ni makosa yangu."

"Ukaona aibu."

"Nikaona aibu."

Akaitikia kwa kichwa. Watoto walikuja wakabandika pua kwenye kioo, wakasema panya, panya, wakakimbia. Mama hakuwatazama.

"Huyu mkubwa alikuwa anazuia maji," akasema. "Daktari wako aseme atakavyo. Aliyaona yanakuja, akajiweka hapo. Mimi najua."

"Nakubali, Mama."

"Lakini mdogo hakuyaona maji." Sauti yake ilishuka. "Yeye aliona mgongo tu."

Njia nzima ya kurudi alizungumzia bei ya nyanya, nami nikamjibu kuhusu nyanya, na tulipofika alichambua mboga, nikawasha jiko, tukala. Jua likazama. Mama akainuka, akaenda mlangoni, akafunga. Nikasikia ufunguo ukizunguka. Kisha akarudi kitini kwake, mikono yote miwili mitupu, akachukua nguo aliyokuwa akiishona. Nikageuza shingo. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa, umening'inia na kitambaa chekundu alichoufungia ili usipotee.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kipande kile cha chuma. Miaka yote nilisema ni ufunguo. Wenzangu kazini niliwaambia ni ufunguo, Daktari nilitaka kumwambia ni ufunguo. Sasa upo, mkono wangu unafika, na nimekaa. Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikihesabu maua kwenye pazia, nikimsubiri Mama aseme neno, neno lolote, hata lile la nenda mwanangu ili nipate sababu ya kukasirika. Yeye alishona tu.

Ndipo nilipoinuka. Nilifungua mlango, ukalia kwenye bawaba kama kawaida yake, hewa ya jioni ikaniingia usoni. Barabarani palikuwa na watu wanatembea zao, wazima wazima, kuanzia miguu hadi vichwa.

"Funga huo mlango," Mama akasema nyuma yangu, macho kwenye sindano yake. "Baridi inaingia."

"Nafunga, Mama."

Nikaufunga, mimi nikiwa nje, nikatoa simu nikampigia Daktari.